Kuku wa Majani ya Mgomba: Picha Isiyohitaji Rangi

Kwenye maduka ya vinyago ya Arusha, Nairobi na Kampala hazikosekani: kadi na picha ndogo za kahawia zilizobandikwa kwa majani makavu ya mgomba. Twiga chini ya mgunga, mama mwenye mtungi kichwani, Mmasai na mkuki wake. Wageni wanazinunua na kuondoka nazo, na sisi wenye migomba tunazipita bila kugeuka. Nadhani kinachotuchosha ni yule twiga, wala si majani. Malighafi yenyewe ni nzuri ajabu. Mgomba mmoja uliokauka unatoa krimu, manjano ya asali, kahawia ya chai ya rangi, kahawia ya kahawa, hadi weusi wa masizi, na hakuna aliyeupaka kitu.

Makala hii inaonyesha namna ya kutengeneza picha moja ya kuku, ya sentimita 15 kwa 20, kwa vitu vinavyookotwa shambani na jikoni. Kuku anamfaa anayeanza kwa sababu jani la mgomba lina mistari myembamba iliyolala sambamba, na mistari hiyo ni unyoya tayari. Kazi yako ni kuukata tu. Tena kila mtu anajua kuku alivyo, hata asiyeshika penseli tangu alipomaliza shule ya msingi. Ila sharti moja tulishike tangu mwanzo: hatupaki rangi. Ukishika brashi ukaanza kusahihisha kahawia ya jani, heri ungenunua karatasi ukachora, maana majani hayatakuwa na kazi tena.

Kuujua mgomba

Mgomba si mti, ingawa tunauita hivyo. Kile tunachokiona kuwa shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine, na ndiyo maana unaukata kwa panga pigo moja ukalala. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha hukatwa ili machipukizi yachukue nafasi yake. Baada ya hapo maganda yanabaki shambani yakikauka, na hapo ndipo tunapoingia.

Chukua ganda moja lililokauka vizuri ulipasue taratibu kwa kucha kuanzia ukingoni. Utakuta lina sehemu tatu. Ngozi ya nje ni ngumu, ina nyuzi zinazokwenda urefu wake wote, na ndiyo yenye rangi nzito. Katikati kuna vyumba vidogo vya hewa vilivyopangwa kama ngazi; vikikauka vinabaki na wavu mwepesi unaopitisha mwanga. Upande wa ndani kuna utando laini, mwembamba, unaong'aa kidogo, wa rangi ya krimu au dhahabu iliyopauka. Watu wengi huchukua ganda zima na kulibandika lilivyo, wakapoteza vitu viwili kati ya vitatu. Ule wavu wa katikati peke yake unaweza kuwa uzio, tenga, dema la kuvulia samaki au dirisha. Utando wa ndani ni anga, ni maji, ni bawa.

Rangi inategemea ganda lilikaukia wapi. Lililokauka likiwa bado limesimama kwenye mgomba, likipigwa na jua na upepo, hutoka safi na lenye kung'aa. Lililoanguka likalala kwenye udongo wenye unyevu huota ukungu na kupata madoa ya kijivu na meusi. Usiyatupe yenye madoa, mradi hayajaoza. Doa la kijivu lililosambaa juu ya kahawia ni mgongo wa kuku wa madoadoa, na hakuna mchoraji atakayelipata kwa brashi. Majani yenyewe, yale yanayoning'inia kando ya shina kama sketi kuukuu, huwa na kahawia nyepesi na mistari iliyo wazi zaidi. Hayo ndiyo manyoya.

Kuokota kwa adabu na kwa tahadhari

Majani makavu si takataka kwa mwenye shamba. Ni matandazo: yanatunza unyevu, yanazuia magugu, yanarudi kuwa mbolea. Bukoba, Rungwe, Kilimanjaro au Kisii, ukimkuta mtu anabeba majani ya shamba lako bila kusema utamuuliza. Kwa hiyo omba. Kwa picha yetu konzi mbili za maganda na majani matano zinatosha, na hakuna mkulima atakayekunyima hizo. Mara nyingi atafurahi ukimwondolea yale makavu yaliyogandamana na shina, kwa kuwa wadudu hupenda kujificha humo. Kwa sababu hiyohiyo yakung'ute kabla ya kuyakumbatia. Tandu na nge hawajui kwamba wewe ni msanii.

Jambo kubwa kuliko nge ni mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na baadaye ukaingia katika nchi jirani, mkoa wa Kagera ukiwamo. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa zimeoza, na ukikata shina hutoka usaha wa manjano. Hauna dawa ya kuutibu; mgomba ulioupata hung'olewa. Njia mojawapo kubwa ya kuusambaza ni kisu na panga. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukahamia mzima, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Basi usikate chochote kibichi. Okota vilivyokauka na kuachia vyenyewe, na kama ni lazima upitishe kisu, kipitishe kwanza kwenye moto au kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Shamba lenye dalili za mnyauko usiliingie kabisa, na usitoe kitu humo.

Kibichi kina ubaya mwingine unaojulikana na kila aliyewahi kubeba mkungu: utomvu. Unatoka kama maji, unakauka kahawia, na haufuliki. Shati lililopatwa na utomvu wa mgomba ni shati la shamba kuanzia siku hiyo.

Wa pwani asijione hana kitu. Mnazi una kilifu, ile nguo ya nyuzi inayozunguka shina penye makuti, ambayo ukiibandika inaonekana gunia au paa bila kuongeza lolote. Una karara, una makumbi, una vifuu. Palipo na mkonge kuna nyuzi nyeupe; palipo na mahindi kuna maganda ya gunzi, laini na yenye rangi ya pembe. Ninachowasihi wa pwani waache ni makombe na matumbawe. Ndani ya hifadhi za bahari, kuanzia Mafia hadi Watamu na Malindi, ni marufuku kuyachukua, na hata nje ya hifadhi kombe tupu ni nyumba ya kaa fulani anayeitafuta.

Na mbegu. Kuna zile nyekundu zenye doa jeusi, ambazo wengine huziita tipitipi, na kuna nyonyo, mbegu za mbarika zenye marumaru ya kupendeza. Zote mbili zinavutia macho na zote mbili zina sumu kali, hasa zikitobolewa au kutafunwa. Nyumba yenye mtoto mdogo haina haja nazo. Jicho la kuku wetu litakuwa punje ya haradali.

Kukausha na kunyoosha

Hata kilichoonekana kikavu shambani kina maji ndani. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tandaza kwenye kivuli chenye upepo kwa siku mbili tatu. Baada ya hapo weka kati ya magazeti, juu yake vitabu vizito au tofali, na ubadilishe magazeti kila siku hadi yatoke makavu. Mwenye haraka atumie pasi: washa moto mdogo, funika jani kwa gazeti, pitisha polepole. Joto hilo linasaidia pia kuua wadudu na mayai yao. Pasi ikiwa kali jani linakuwa jeusi na kukatika ukiligusa.

Ganda lililojikunja likagoma kunyooka usilivunje. Lifunge kwenye kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, liache nusu saa, litalegea, kisha lipige pasi. Yenye harufu ya ukungu yashughulikie nje ya nyumba ukiwa umefunika pua. Mwenye pumu ayaache kabisa.

Sasa yapange kwa rangi, kutoka jepesi hadi jeusi, juu ya meza karibu na dirisha. Usiruke hatua hii hata kama inaonekana ya kupoteza muda, maana picha inaamuliwa hapa. Shika kipande cha utando wa ndani, kitazame, kisha kigeuze robo mzunguko. Kilichokuwa kinang'aa kimefifia, na kilichokuwa kimefifia kimewaka, kwa sababu nyuzi zinaurudisha mwanga kwa namna nyingine. Maana yake ni kwamba kipande kilekile kinakupa rangi mbili. Mafundi wa picha hizi wanajua hilo, ndiyo maana anga lao lina mawingu bila kubadili jani.

Kuku mwenyewe

Ubao wa chini uwe plaiwudi nyembamba au hadibodi. Omba kipande kilichobaki kwa fundi seremala. Edward Saidi Tingatinga alianza hivyohivyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akichora kwenye hadibodi za ujenzi kwa rangi za mafuta za bei nafuu, na hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaobeba jina lake. Zitazame picha zake mwenyewe, si zile zilizojaa wanyama ishirini zinazouzwa leo. Mara nyingi ni mnyama mmoja, mkubwa, anayejaza ubao, na nyuma yake hakuna vurugu. Mfuate hapo. Kuku wako aguse karibu kingo zote. Kuku mdogo katikati ya uwanja mpana hupotea, na majani hayana ukali wa kumwokoa.

Kadibodi ya boksi unaweza kuitumia kwa majaribio, lakini itapinda. Gundi ya maji ikikauka hujivuta, na ubao mwembamba hufuata. Kinga yake ni kubandika karatasi nyuma pia, ili pande mbili zivutane sawasawa. Gazeti lisiwe sehemu ya picha. Linageuka manjano na kuchakaa mapema.

Gundi nyeupe ya mafundi seremala ndiyo ninayoipendekeza. Asiyekuwa nayo apike uji wa unga wa muhogo au ngano: kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya maji, koroga kwenye maji baridi kwanza, kisha moto mdogo hadi uwe mzito na kung'aa. Unashika vizuri. Tatizo ni mende, ambao kwao hicho ni chakula cha jioni, na ukungu. Matone machache ya mafuta ya karafuu hupunguza ukungu. Mende hawakati tamaa. Uji ukae siku mbili, zaidi ya hapo mwaga.

Chora umbo la kuku kwenye karatasi ya kawaida, akiwa upande, mkia umeinuka. Usihangaike na manyoya. Unahitaji mstari wa mgongo, kifua, kichwa na mkia. Kata umbo hilo, liweke juu ya ubao, zungushia penseli. Kisha karatasi hiyohiyo ikate vipande: kichwa na shingo, mwili, bawa. Hivyo ndivyo vipimo vyako.

Kinachokaa nyuma ndicho kinachobandikwa kwanza. Anza na anga: utando mpana wa krimu, nyuzi zikilala kwa mlalo. Paka gundi kidogo mno, kwa kidole au kijiti, ukiisambaza hadi ukingoni. Gundi ikizidi hupenya, jani linakuwa jeusi na kujikunja. Funika kwa karatasi ya nailoni, kandamiza kwa vitabu. Ardhi iwe ngozi ya nje ya ganda, lile gumu lenye madoa ya udongo. Lipasue kwa mkono badala ya kulikata kwa wembe, mstari wake utakuwa wa ardhi kweli. Walio Uganda wenye kipande cha lubugo wanaweza kukitumia kuwa usuli wote. Hicho ni kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, na sanaa ya kukigonga ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Wekundu wake wa udongo unakaa vyema sana chini ya krimu ya mgomba.

Manyoya sasa. Kata jani vipande vyembamba ukifuata mistari, ili mistari ipite kwa urefu wa unyoya. Ya mkiani yawe ya sentimita nne hadi tano, meusi kuliko yote. Ya mwilini sentimita moja na nusu, na ncha uzikate mviringo. Halafu chukua sindano, pitisha kwenye ncha ya kila unyoya kati ya mstari na mstari, mara mbili tatu. Ncha itachanika kidogo na kuachana. Hapo ndipo jani linapoacha kuwa jani. Ukiwa na subira ya kuzichana zote, mtazamaji atanyoosha mkono kugusa.

Bandika kuanzia mkiani ukija shingoni, safu kwa safu, kila safu ikifunika mizizi ya safu iliyotangulia. Ukigeuza mpangilio, kuku ataonekana amepigwa na upepo kwa nyuma. Kila unyoya utiwe gundi kwenye mzizi tu, ncha ibaki huru. Kwenye mgongo weka yenye rangi nzito, kifuani nyepesi, na usiyalinganishe mno. Kuku wa kienyeji hana sare. Bawa likate kutoka kwenye utando wa ndani, nyuzi zikielekea mkiani, ulipachike mwisho kabisa ili linyanyuke kidogo kutoka mwilini. Shingoni manyoya yawe madogo sana, na kazi hiyo inachosha vidole kweli. Ukiishiwa subira, mfanye kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni.

Miguu ni nyuzi za ngozi ya nje zilizosokotwa mbili mbili na kutiwa gundi kabla hazijafumuka. Mdomo ni pembetatu ndogo ya ganda la dhahabu. Upanga wa kichwani na ndevu za chini ya kidevu zinataka wekundu, na mgomba hauna. Nenda jikoni uchukue ganda la kitunguu, lile la nje, la zambarau yenye kung'aa. Lina wepesi wa karatasi na linakatika kirahisi, kwa hiyo libandike kwanza juu ya kipande cha jani kisha ndipo ulikate. Jicho, punje ya haradali kwenye tone la gundi, liweke ukishapata utulivu wa mkono. Likienda chini kidogo ya mahali pake, kuku anakuwa na huzuni.

Kandamiza usiku kucha, lakini si kwa uzito mkubwa, usije ukalaza manyoya uliyoyahangaikia.

Kwa atakayetaka weusi zaidi ya ule wa majani, Wanyarwanda wana njia. Katika imigongo, sanaa ya mashariki mwa nchi yao inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, rangi nyeusi hupatikana kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa shubiri. Nimesema hatupaki rangi, na bado nasema hivyo. Lakini kama kuna rangi moja ningeiruhusu iingie kwenye picha hii, ni hiyo, kwa kuwa imetoka kwenye mgomba uleule.

Kuitunza na kuisafirisha

Vanishi hulifanya jani liwe jeusi zaidi na lenye mng'ao wa bandia. Ukiitaka kwa kuwa picha itakaa wazi, ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, na uchague isiyong'aa. Mimi ningetafuta fremu yenye kioo. Kioo kisiguse majani: weka vijiti vyembamba kwenye kingo ili pabaki nafasi, la sivyo unyevu utaganda hapo na ukungu utaota ndani, jambo ambalo Tanga, Mombasa na Unguja halichukui muda. Funga mgongo wa fremu kwa karatasi ya gundi ili wadudu wasipate mlango. Isitundikwe inapopigwa na jua moja kwa moja wala juu ya jiko. Krimu hupauka na kahawia hufifia. Unyoya ukibanduka, rudisha kwa tone la gundi kwenye ncha ya sindano.

Kama unamtumia ndugu aliye ng'ambo, mwambie kwanza aulize sheria za huko. Nchi kadhaa hukagua kwa ukali vitu vilivyotengenezwa kwa mimea, na Australia na New Zealand zinataka msafiri atangaze kila kitu cha aina hiyo mpakani. Asiyetangaza hutozwa faini, na kitu huweza kuchukuliwa. Nyuma ya picha andika kwa maandishi yanayosomeka vitu vilivyotumika: majani makavu ya mgomba, ganda la kitunguu, haradali, gundi ya mbao, plaiwudi. Ongeza jina lako, mahali na mwaka.